Theluji ya Kilimanjaro

Theluji ya Kilimanjaro ni theluji inayoanguka katika sehemu za juu za mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Huanguka hasa juu ya kimo cha mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, ingawa dhoruba kubwa inaweza kuishusha hadi mita 4,000 na pengine chini zaidi. Mlima huo uko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta. Kilele chake cha juu, Uhuru, kilichopo kwenye ukingo wa kasoko ya Kibo, kina kimo cha mita 5,895.

Theluji hiyo huonekana kutoka mji wa Moshi na vijiji vya miteremko ya kusini, na upande wa kaskazini huonekana kutoka Amboseli nchini Kenya. Mara nyingi watu huichanganya na barafuto za mlima huo, lakini ni vitu viwili tofauti. Theluji huja na kuondoka ndani ya siku, wiki au miezi michache. Barafuto ni barafu ya miaka mingi, nayo imekuwa ikipungua tangu mwisho wa karne ya 19. Kwa sababu hiyo Kibo kinaweza kuonekana cheupe kabisa baada ya masika makubwa, huku barafu iliyo chini ya weupe huo ikiendelea kupotea.

## Majina

Neno "theluji" lina asili ya Kiarabu (thalj). Neno "barafu" lina asili ya Kiajemi, ambako barf humaanisha theluji. Katika Kiswahili limekuwa jina la maji yaliyoganda. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi husema "barafu" kwa vyote viwili. Kambi ya mwisho ya njia ya Machame kabla ya kilele inaitwa Barafu.

Theluji ni tofauti pia na mvua ya mawe, ambayo huanguka hata kwenye nchi za chini, na jalidi (au sakitu), ambayo ni umande ulioganda juu ya majani na mawe usiku bila kunyesha.

Wachagga wana majina Kipoo na Kimawenze kwa vilele viwili vikubwa vya mlima, ambayo kwa Kiswahili yamekuwa Kibo na Mawenzi.

## Jinsi theluji inavyotokea

Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopoa, kwa wastani wa nyuzi 0.6 za sentigredi kwa kila mita 100. Moshi, ulio kwenye kimo cha mita 800 hadi 900, una wastani wa halijoto wa nyuzi 23 hivi kwa mwaka. Kileleni wastani ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Mstari wa nyuzi sifuri hupita kati ya vimo hivyo, karibu na mita 4,700 hadi 4,900. Mvua inayonyesha juu ya mstari huo huwa theluji. Inayonyesha chini kidogo yake huwa mchanganyiko wa theluji na maji, au punje ndogo laini za barafu.

Unyevu wenyewe hutoka hasa Bahari Hindi. Mchana jua hupasha joto miteremko, na hewa yenye unyevu hupanda mlima. Ndiyo sababu Kibo huonekana vizuri alfajiri, kisha mawingu hukifunika kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku nyingi mawingu hayo huishia kwenye ukanda wa msitu na kunyesha huko. Sehemu za msitu wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kileleni hufika sawa na milimita mia chache tu za maji. Kilele cha Kibo ni mahali pakavu, na theluji huanguka pale tu hewa yenye unyevu inapokuwa nene vya kutosha kuvuka kimo cha kasoko.

### Mlima usio na majira ya baridi

Ulaya na Amerika Kaskazini theluji huhesabiwa kwa majira ya baridi. Kilimanjaro hakuna majira hayo. Wastani wa halijoto kileleni hubadilika kidogo tu kati ya mwezi na mwezi, lakini tofauti kati ya mchana na usiku ni kubwa. Kinachoamua theluji ni unyevu zaidi kuliko baridi, kwa hiyo majira ya theluji ni majira ya mvua:

- Masika (Machi hadi Mei) huleta mvua nyingi zaidi Moshi, na mara nyingi theluji nyingi zaidi kileleni.
- Vuli (Oktoba hadi Desemba) ni fupi na hubadilika sana. Mwaka mmoja huleta theluji nyingi, mwaka unaofuata karibu hakuna.
- Januari na Februari kwa kawaida huwa kavu. Vuli ikichelewa kuisha, theluji huendelea kuanguka Januari.
- Juni hadi Septemba ni kipindi kikavu kileleni. Moshi hupata mawingu na ubaridi, lakini mawingu hayo huwa chini. Juu yake kuna jua kali na anga la buluu.

Hivyo miezi ambayo wakazi wa Moshi huvaa masweta si miezi ya theluji. Inayoanguka Aprili, wakati wa mvua kubwa, huwa nyingi kuliko ya Julai.

## Habari za kwanza

Watu wa miteremko ya mlima walijua weupe wa Kibo na ukali wa baridi yake kabla ya wageni kufika. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa kanisa la Anglikana, aliandika simulizi aliyoipata kuhusu Rungua, mtawala wa zamani wa Machame. Rungua alituma kundi la watu wapande kuchunguza kitu kile cheupe. Alirudi mmoja tu, aliyeitwa Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi.

Rebmann mwenyewe aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, alipokuwa akisafiri kutoka Rabai karibu na Mombasa pamoja na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri. Alipouliza weupe ule ni nini, mmoja wa wenzake wa safari alimjibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji. Habari zake zilichapishwa Uingereza mwaka 1849 na kuleta ubishi mkubwa. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alikataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, akadai kuwa Rebmann alidanganywa na macho yake.

Mwaka 1861 Mjerumani Karl Klaus von der Decken alifika mlimani pamoja na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton, wakathibitisha kwamba kilele ni cheupe. Mwaka 1862 Decken alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda hadi kimo cha mita 4,200 hivi. Usiku theluji iliwaangukia kambini, na kulipokucha ardhi ilikuwa nyeupe kuwazunguka. Hii ni mara ya kwanza inayojulikana kwa maandishi ambapo mtu alieleza theluji ikianguka Kilimanjaro, tofauti na kuiona kwa mbali. Cooley hakubadili msimamo. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa Decken nishani mwaka 1864.

Mwaka 1871 mmisionari Mwingereza Charles New, pamoja na msaidizi wake Tofiki, alifika kwenye mstari wa theluji na kuigusa.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Walilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka ili wafike ukingo wa kasoko. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hukumbukwa kama kiongozi wa msafara huo. Meyer aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imepungua. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii na kuzitumia juu ya theluji. Barafuto ndogo iliyo ndani ya kasoko ina jina la Furtwängler.

## Misimu inayokumbukwa

Dhoruba za theluji za Kilimanjaro hazina majina wala hesabu rasmi kama dhoruba za Ulaya na Marekani. Kabla ya mwaka 2000 hakukuwa na kituo cha kudumu cha hali ya hewa karibu na kilele. Kwa hiyo misimu ya zamani hulinganishwa kwa njia nyingine: mstari wa theluji ulishuka hadi wapi, ulikaa muda gani kabla ya mwamba kuonekana tena, na mvua ilikuwaje kwenye nchi za chini.

Ulinganisho huo unaonyesha kwamba misimu mikubwa ya vuli mara nyingi hufuata hali fulani ya Bahari Hindi. Maji ya upande wa magharibi, karibu na Afrika, yanapokuwa na joto kuliko kawaida, na yale ya mashariki karibu na Indonesia yanapopoa, unyevu mwingi husukumwa kuelekea Afrika Mashariki. Hali hiyo ilikuwa na nguvu katika miaka ya 1961, 1997, 2006 na 2019.

Vuli ya 1961. Mvua za miezi ya mwisho ya 1961 zilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi za karne ya 20 katika Afrika Mashariki. Usawa wa Ziwa Viktoria ulipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Ni katika msimu huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ambapo Luteni Alexander Nyirenda alifikisha bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru kileleni. Kilele hicho, ambacho kilikuwa na jina la mfalme wa Ujerumani, kikaitwa Uhuru.

Vuli ya 1997 na mwanzo wa 1998. Huu ndio msimu ambao Watanzania wengi huuita tu "El Niño". Mvua ziliendelea hadi miezi ambayo kwa kawaida ni mikavu, zikaharibu barabara, madaraja na reli katika sehemu nyingi za nchi.

Vuli ya 2006. Msimu huu hutajwa mara nyingi kwa sababu ulifuata ukame. Vuli ya 2005 ilikuwa kame, na Machi 2005 picha za Kibo kikiwa karibu hakina theluji zilisambaa katika magazeti ya dunia. Wasomaji wengi walielewa kwamba mlima umekwisha. Vuli iliyofuata ya 2006 ilileta theluji nyingi, na Kibo kikawa cheupe tena. Wengine wakageuka na kusema kwamba barafu imerudi. Maoni yote mawili yalikuwa na kosa moja: picha ya siku moja huonyesha hali ya theluji na haionyeshi hali ya barafuto.

Masika ya 2018. Mvua za Machi hadi Mei 2018 zilikuwa kubwa kupita kiasi katika Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kileleni zilileta theluji nene.

Vuli ya 2019. Hali ya Bahari Hindi ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi tangu kuanza kwa vipimo, na mvua kubwa ziliendelea hadi Januari 2020.

## Theluji na barafuto

### Kinachoifanya barafu ipungue

Eneo la barafu ya Kilimanjaro lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 11 hadi 12 kutokana na ramani ya mwaka 1912. Mwaka 2011 lilikuwa kilomita za mraba 1.76, yaani takriban asilimia 85 ilikuwa imepotea. Katika miaka hiyo ya karibuni Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, ulio mkubwa kuliko zote, ulipasuka na kuwa vipande viwili.

Kwa kuwa hewa ya kileleni hubaki chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote, kuyeyuka si njia pekee ya barafu kupungua. Sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, kwa nguvu ya jua na hewa kavu. Njia hii hutumia nishati takriban mara nane kuliko kuyeyuka. Hivyo barafu huweza kudumu muda mrefu mahali pakavu na baridi, mradi ipate theluji mpya ya kufidia.

Theluji mpya husaidia kwa njia mbili. Kwanza huongeza barafu, kwa maana theluji iliyolundikana na kushindiliwa ndiyo hugeuka barafu. Pili ni kwa weupe wake: theluji safi hurudisha angani asilimia 80 au zaidi ya mwanga wa jua, wakati barafu ya zamani yenye vumbi la volkeno hunyonya sehemu kubwa ya mwanga huo. Inchi chache za theluji zinazokaa mwezi mmoja zinaweza kuikinga barafu iliyo chini yake kama blanketi. Kinyume chake, mwaka wenye theluji kidogo huacha barafu wazi ikipigwa na jua.

Watafiti wengi huamini kwamba hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa na unyevu zaidi kabla ya miaka ya 1880, ikawa kavu baadaye. Mwanzo wa kupungua kwa barafu ya Kilimanjaro huhusishwa na ukavu huo, yaani na upungufu wa theluji na mawingu. Kupanda kwa joto la dunia kumeongezea uzito wake, kwa sababu kunabadilisha joto la bahari, mvua na kimo cha mstari wa nyuzi sifuri.

### Kwa nini dhoruba kubwa haitoshi

Swali la kawaida ni hili: kama theluji nyingi ilianguka mwaka 2006 na 2018, kwa nini barafuto hazikukua? Jibu liko katika umbo lake. Barafuto za juu ya Kibo huishia kwa kuta zilizosimama wima, nyingine zikiwa na kimo cha zaidi ya mita 20. Theluji haiwezi kukaa juu ya ukuta wima. Jua hupiga kuta hizo mwaka mzima, upande mmoja mwezi wa Desemba na upande wa pili mwezi wa Juni, na kuta hurudi nyuma kidogo kidogo. Theluji ya dhoruba huongeza unene juu ya barafu, lakini haiongezi upana wake. Ikianguka juu ya mwamba na majivu meusi nje ya ukuta hupotea haraka, kwa kuwa ardhi hiyo hupata joto mchana.

Msimu mzuri huweza kuchelewesha upotevu wa barafu kwa miezi kadhaa, wala haurudishi kilichopotea. Ili barafuto zirudi, ingehitajika miaka mingi mfululizo ya unyevu, kiasi kwamba theluji ibaki pia juu ya mwamba ulio wazi.

## Vipimo

Mwezi Februari 2000 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, wakiongozwa na Douglas Hardy, waliweka kituo kinachojiendesha cha hali ya hewa juu ya Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, kwenye kimo cha karibu mita 5,800. Kituo hupima halijoto, upepo, unyevu na mwanga wa jua. Theluji hupimwa kwa kifaa kinachotuma sauti chini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Uso wa theluji ukipanda, mwangwi hurudi mapema zaidi. Watafiti wa Innsbruck nchini Austria waliongeza vituo vyao mwaka 2005, kikiwemo kimoja kwenye barafuto ya Kersten, upande wa kusini unaoonekana kutoka Moshi.

Mwaka 2000 pia, timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilichimba nguzo sita za barafu, ndefu zaidi zikiwa na takriban mita 50. Katika makala ya mwaka 2002 timu hiyo ilikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700, na kwamba barafu yote inaweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Umri huo umepingwa na watafiti wengine. Tarehe ya kutoweka imepita na barafu bado ipo, ingawa ni ndogo kuliko ilivyokuwa wakati wa kuchimba. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 iliweka barafuto za Kilimanjaro na Mlima Kenya miongoni mwa zile zinazotazamiwa kutoweka kufikia mwaka 2050.

Utabiri wa misimu ya mvua nchini hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri wa vuli au masika yenye mvua juu ya wastani katika mikoa ya kaskazini ni dalili pia ya theluji nyingi kileleni.

## Athari kwa watu

### Wapandaji na wapagazi

Theluji nyingi huanguka nje ya misimu mikuu ya utalii, ambayo ni Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba. Hata hivyo dhoruba huweza kutokea mwezi wowote. Theluji mpya huficha njia, hasa kati ya Kibo Hut na Gilman's Point na kati ya kambi ya Barafu na Stella Point, sehemu ambazo kwa kawaida hupandwa usiku. Jua likichomoza, mwanga unaorudishwa na theluji huweza kuumiza macho ya asiye na miwani ya giza, na kuleta upofu wa theluji wa muda.

Hatari kubwa zaidi mara nyingi iko chini ya mstari wa theluji. Kati ya mita 3,500 na 4,500 mvua hunyesha ikiwa karibu na nyuzi sifuri, pengine ikichanganyika na theluji. Theluji kavu hukung'utwa kwenye nguo, lakini mvua ya aina hii huloanisha kila kitu, na mwili uliolowa hupoteza joto upesi sana. Wanaoathirika kwanza ni wapagazi, ambao Moshi na mlimani huitwa "wagumu". Mpandaji huja na nguo maalumu za kuzuia maji. Mgumu hubeba mzigo wake, na ikiwa hana koti, viatu na glavu zinazofaa, dhoruba ya saa chache inaweza kumuua. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro unaojulikana kwa kifupi KPAP, wenye ofisi Moshi, ulianzishwa mwaka 2003, na moja ya kazi zake ni kuwaazima wapagazi nguo za baridi.

Kupungua kwa barafu nako kumeleta hatari. Mwezi Januari 2006 maporomoko ya mawe kwenye njia ya Western Breach yaliwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Mawe yaliyoshikwa na barafu kwa muda mrefu hulegea barafu inapoondoka.

### Maji

Inaaminika sana kwamba mito ya Moshi na mifongo ya Wachagga hutegemea barafu ya Kibo. Hesabu rahisi inaonyesha vingine. Ikiwa barafu yenye eneo la kilomita za mraba 2 itapungua kwa mita moja kwa mwaka, itatoa chini ya mita za ujazo milioni 2 za maji, hata kama hakuna inayogeuka mvuke. Kilomita moja tu ya mraba ya msitu inayopata milimita 2,000 za mvua hupokea mita za ujazo milioni 2 kwa mwaka, na msitu wa Kilimanjaro una mamia ya kilomita za mraba. Maji ya mifongo, chemchemi na mto Pangani hutoka hasa kwenye mvua na ukungu wa ukanda huo wa msitu.

Kwa hiyo moto na ukataji wa miti vinatishia maji ya Moshi kuliko kupotea kwa barafu. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya juu ya msitu. Vichaka na miti hiyo hunasa maji ya ukungu, na vikiungua maji hayo hupita bila kufika ardhini.

## Kuitambua kutoka Moshi

Anayetazama Kibo kutoka Moshi anaweza kutofautisha theluji na barafuto kwa macho, hasa alfajiri kabla ya mawingu kupanda:

- Theluji mpya hufunika mlima kama kofia na huwa na mpaka wa chini ulionyooka, kwa kuwa mstari wa nyuzi sifuri hupita karibu kimo kimoja kuzunguka mlima. Mpaka ukishuka hadi tandiko la ardhi kati ya Kibo na Mawenzi, dhoruba ilikuwa kubwa.
- Mawenzi, yenye kimo cha mita 5,149, haina barafuto. Ikiwa nyeupe, ni theluji. Hii ni alama rahisi zaidi.
- Siku za jua zikifuata, theluji huanza kutoweka kwenye mwamba mweusi na kubaki katika mabonde yenye kivuli.
- Kinachobaki mwishoni mwa miezi mikavu, mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ni barafuto: vipande vyenye kingo kali, vikining'inia kwenye miteremko ya kusini. Miongoni mwake ni Kersten, Heim, Decken na Rebmann, zenye majina ya watu wa karne ya 19.

Kwa anayetaka kulinganisha mwaka na mwaka, picha za mwisho wa msimu mkavu ndizo zinazofaa. Picha ya Aprili huonyesha mvua za mwaka huo, na picha ya Septemba huonyesha barafu iliyobaki.

## Katika fasihi

Mwaka 1926 Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyefanya kazi Kilimanjaro, alimkuta chui aliyekufa na kuganda karibu na ukingo wa kasoko ya Kibo. Mahali hapo huitwa Leopard Point. Chui huyo ametajwa mwanzoni mwa hadithi fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway iliyotolewa mwaka 1936, ambayo jina lake ni "Theluji za Kilimanjaro" na ambayo ilitengenezewa filamu mwaka 1952. Hadithi hiyo ndiyo iliyoieneza zaidi picha ya mlima mweupe wa Afrika duniani, na imechangia watu wengi kuita "theluji" kila kitu cheupe kilichopo Kibo, ikiwemo barafu.